Moodle mbele ya jopo la ithibati: inachotoa na kazi inayobaki kwa Excel

Vyuo vikuu vingi vya ukanda wetu vinayo Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, tayari, na kwa vingi kazi yake kubwa ni kubeba slaidi na kupokea kazi za wanafunzi. Hapa tunaipima kwa jambo moja tu. Jopo la ithibati likikaa mezani na kuuliza, "Mnajuaje kwamba wanafunzi wamefikia matokeo ya kujifunza mliyoyaandika kwenye mtaala?", Moodle inawapa ushahidi? Inawapa nusu. Kwa mwanafunzi mmoja mmoja ushahidi upo, tena wa kuaminika mkiupanga vizuri. Kwa darasa zima, ambako ndiko jopo linakoangalia, mtaishia kwenye Excel.

Mwongozo wa kujitathmini wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki (IUCEA) unaanzia kwenye matokeo tarajiwa ya programu, na mamlaka za kitaifa zinazosimamia vyuo vikuu, TCU kwa Tanzania, CUE kwa Kenya na NCHE kwa Uganda, nazo zinataka mtaala uandikwe kwa matokeo. Kuandika kumeshazoeleka. Idara zinakwama kwenye kupima.

Moodle ina njia mbili za kupima, na watu huzichanganya. Ya zamani ni "matokeo", ambayo huwashwa na msimamizi wa tovuti kwenye vipengele vya ziada, kisha kila tokeo linakuwa safu ya pekee kwenye daftari la alama. Mpya ni "umahiri", iliyoingia na toleo la 3.1 mwaka 2016. Ya pili ndiyo inayosifiwa zaidi, kwa hiyo tuanze nayo.

Mfumo wa umahiri hujengwa kama mti wenye ngazi zisizozidi nne ambazo mnaweza kuzipa majina, na kwa chuo mpangilio unaofaa ni sifa za mhitimu juu, matokeo ya programu katikati, matokeo ya kozi chini. Msiingize tokeo mojamoja kwa mkono. Tengenezeni faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), na kila tokeo lipewe namba yake ya utambulisho, mfano ST-PR2-KZ3, itakayodumu hadi mtaala utakapohuishwa. Kabla ya hapo, kamati ya idara ikubaliane kuhusu skeli, yaani hatua za kupimia umahiri. Skeli inayokuja na Moodle ina hatua mbili tu, bado na tayari. Ukitaka hatua nne ni lazima uamue mapema ipi ndiyo mwanzo wa "amefikia", kwa sababu mwanafunzi wa kwanza akishapimwa, skeli ya umahiri huo haibadilishiki.

Udhaifu wa kwanza unajitokeza hapohapo kwenye mti. Kila tokeo lina mzazi mmoja tu. Katika mtaala wa kweli, tokeo la kozi kama "kuandika ripoti ya maabara inayotetea hitimisho lake kwa data" linachangia matokeo mawili au matatu ya programu, na ndiyo maana idara huandaa jedwali la uwiano lenye kozi upande mmoja na matokeo ya programu upande wa pili. Moodle hukuruhusu kutaja umahiri unaohusiana, lakini uhusiano huo ni wa kuonyesha tu, haubebi hesabu yoyote. Jedwali lenu litaendelea kuishi nje ya mfumo, na inafaa mtu mmoja apewe jukumu la kulilinda.

Pili, na hili ndilo linaloharibu ushahidi kuliko yote, ni kiungo kati ya shughuli na umahiri. Ukiunganisha zoezi au jaribio na umahiri, Moodle inakuuliza ifanye nini mwanafunzi akikamilisha: isifanye kitu, iambatishe ushahidi, ipeleke kwa mhakiki, au ihesabu umahiri umefikiwa. Wengi huchagua ya mwisho kwa kuwa inaondoa kazi. Shida ni neno "akikamilisha". Kwa Moodle, kukamilisha ni chochote ambacho mhadhiri alikiweka kwenye masharti ya shughuli, na sharti la haraka kuwekwa ni "ameifungua". Matokeo yake mwanafunzi anafungua ukurasa wa maelekezo, anaufunga, na mfumo unaandika kwamba amemudu kuchanganua data. Jopo makini likiomba kuona kazi ya mwanafunzi huyo, aibu haifichiki.

Dawa yake ni rahisi lakini inataka nidhamu. Kwenye daftari la alama weka alama ya kufaulu kwa shughuli hiyo, tuseme 50 kati ya 100. Kwenye masharti ya ukamilishaji dai mwanafunzi apate alama ya kufaulu. Kisha kwenye kiungo cha umahiri chagua kuambatisha ushahidi, na mhadhiri mwenyewe ndiye atoe uamuzi. "Umefikiwa" ya moja kwa moja iachiwe majaribio ya mwisho ya moduli, yale yanayopima tokeo moja tu. Halafu ukague kozi chache kila muhula, kwa sababu kozi ikinakiliwa inabeba na masharti yake mabovu.

Tatu ni kipimo chenyewe. Umahiri hushikamana na shughuli nzima, si na swali. Mtihani wenye maswali sita yanayopima matokeo manne unabaki kuwa kitu kimoja machoni pa Moodle. Canvas ya Instructure, mfumo mwingine wa aina hii, iko mbele hapa, kwani inaunganisha tokeo na kigezo cha rubriki (jedwali la vigezo vya kusahihishia) au na benki ya maswali. Kwa Moodle njia ni kuzunguka. Panga benki ya maswali kwa makundi yanayofuata matokeo, kundi moja kwa tokeo moja. Ukitumia maswali ambayo mfumo huyachota kwa bahati nasibu, kila nafasi ichote kwenye kundi moja tu, ili swali la 4 lipime tokeo la 3 kwa kila mwanafunzi hata kama maneno ya swali yanatofautiana. Bila hivyo safu za ripoti hazina maana. Kwenye ripoti ya alama za jaribio chagua alama za kila swali, chagua rekodi moja tu kwa kila mwanafunzi hata kama alilifanya jaribio zaidi ya mara moja, na chagua waliojisajili wote, waliofanya na wasiofanya. Usipogusa kitu, Moodle inaleta waliofanya tu.

Hapo ndipo Excel inapoingia, na hapo ndipo pa kuwa macho. Tuseme darasa lina wanafunzi 80, na tokeo la 3 limepimwa kwa swali la jaribio lenye alama 10, safu B, na kazi ya data yenye alama 20, safu C. Mwanafunzi amefikia akipata 15 kati ya 30, na lengo la idara ni angalau asilimia 60 ya darasa wafikie. Waliofikia ni 46. Wanne hawakufanya chochote, na Moodle imewawekea kistari badala ya alama. Ukijumlisha kwa =B2+C2 kwenye safu D, vistari vinaleta kosa, na =COUNTIF(D2:D81,">=15")/COUNT(D2:D81) inawaruka wale wanne: 46 kwa 76, asilimia 60.5, lengo limefikiwa. Ukijumlisha kwa =SUM(B2:C2), wanne wale wanapata sifuri na kuhesabiwa: 46 kwa 80, asilimia 57.5, lengo halikufikiwa. Data ni ileile, wahadhiri wawili, majibu mawili. Idara iandike kwenye utaratibu wake asiyefanya anahesabiwaje, na kila kozi ifuate.

Mtihani wa mwisho wa karatasi, ambao kwa kawaida ndio wenye uzito mkubwa wa alama, haumo kwenye Moodle kabisa. Usipoingizwa swali kwa swali, ripoti yako ya matokeo inahusu tathmini endelevu peke yake. Rubriki ingesaidia, kigezo kimoja kwa kila swali, ila Moodle ya kawaida haitoi alama za kila kigezo kwenye faili la daftari la alama. Inahitaji plagini (programu ya nyongeza) ya nje, na msimamizi wa seva lazima akubali kuihudumia kila toleo linapopanda. Kwa darasa la watu 40, karatasi ya Excel yenye safu kwa kila swali inatosha na inachosha kidogo.

Cha kushangaza, njia ya zamani ya "matokeo" ina ripoti inayoonyesha wastani wa kozi kwa kila tokeo, kitu ambacho umahiri hauna kwa darasa zima. Tatizo, wastani unaficha: nusu ya darasa ikiwa juu sana na nusu chini sana, unaona namba ya katikati inayopendeza. Itumieni kama dalili ya haraka katikati ya muhula. Kwenye ripoti ya kujitathmini wekeni asilimia ya waliofikia.

Mwisho wa muhula, toeni faili za kila jaribio na daftari la alama kabla kozi haijasafishwa kwa ajili ya darasa jipya, na pamoja nazo hifadhini sampuli za kazi za juu, za kati na za chini kwa kila tokeo. Mkirejesha kozi kutoka kwenye nakala, Moodle hutafuta umahiri kwa namba ya utambulisho. Kama kuna mtu aliibadilisha ST-PR2-KZ3 katikati ya safari, kiungo kinaachwa kimyakimya.