Scrivener kwa sisi wa hadithi fupi za fantasia zinazoungana: inafaa ila ina maudhi yake

Scrivener ni programu ya kompyuta ya kuandikia na kupangia kazi ndefu. Nianze na bei maana najua ndo mnayoiulizia: ni karibu dola 60, unalipa mara moja basi, hakuna habari za kukatwa kila mwezi. Leseni ya Windows na ya Mac ni mbili tofauti, ya iPhone na iPad nayo inanunuliwa kivyake. Kabla ya kulipa unapewa siku 30 za kujaribu, na hapo wamenifurahisha, zinahesabiwa siku ulizoifungua tu, yaani kama we ni mtu wa kuandika Jumamosi na Jumapili zinakusogeza wiki 15, huna presha.

Sasa mimi siandiki riwaya. Naandika vifupi, kila kimoja kinasimama chenyewe ila vyote viko mji mmoja ambako mvua inauzwa sokoni kwa mitungi. Kuna ya mkulima aliyekopa mvua akashindwa kulipa, kuna ya binti aliyetolewa mahari ya mitungi saba, kuna ya mlinzi wa ghala. Chini yake kuna swali moja linalovuta zote: hiyo mvua wanamnyang'anya nani? Waandikaji wa vitu hivi mnajua tabu yake, hadithi lazima ianze na iishe, aliyeingia katikati asijione kaachwa, na huyohuyo aliyeanza mwanzo kila mara apate kidokezo kipya, ukikitoa mapema umeua mfululizo, ukichelewa watu wanaona hamna kitu humo. Ukiwa na faili moja refu hayo huyaoni, utasikroli mpaka kidole kiote sugu.

Kwenye Scrivener kila kipande kina kadi yake ubaoni, juu jina, chini muhtasari, ukiburuta kadi na maandishi yake yanahama. Sawa, hiyo programu nyingi zinayo. Kilichonikamata mimi ni toleo la 3 kukuruhusu kupanga kadi kwa lebo: kila lebo ina rangi na mstari wake, na kadi zinajipanga kwenye mstari wao kwa mfuatano. Nyekundu nikampa muuza mvua, bluu kisima kinachokauka nchi jirani, kijani yule mtoto anayepitapita pembeni kila hadithi. Nikatazama. Bluu ina kadi mbili mwanzoni halafu peupe mpaka hadithi ya mwisho! Aisee, kisima ndo moyo wa mambo yote na katikati hakuna anayekitaja. Na wala haikuhitaji hadithi mpya, nilimwekea mlinzi wa ghala mtungi mmoja uliofika na tope la kisimani chini yake, anaushangaa, anaupanga na mingine, sentensi mbili tatu, yametosha.

Maudhi sasa. Faili moja linabeba lebo moja tu. Hadithi ya mlinzi inamgusa muuza mvua na inagusa kisima, huwezi kuikalisha mistari miwili. Kuna maneno ya kutafutia ambayo unabandika mengi utakavyo kwenye faili moja, ila hayo hayakupi mistari. Mimi naikata hadithi kuwa matukio, kila tukio lebo yake, na wakati wa kupanga yote yanakaa folda moja. Inachosha kidogo.

Kingine kizuri ni kolekshini, yaani unatengeneza orodha ya pili ya faili zilezile kwa mpangilio mwingine bila kugusa wa kwanza. Orodha kuu ni jinsi msomaji atakavyosoma, ya pili ni miaka ya mji wenyewe, lililotangulia kutokea linatangulia. Bibi aliyezikwa hadithi ya pili yuko hai kwenye ya tano anakaanga vitumbua, bila hiyo orodha ungejuaje ana umri gani pale?

Ila isikudanganye mtu kwamba itakufikiria ploti. Hakuna templeti ya kukwambia siri itoke hadithi ya ngapi. Kama bado hujaweza kusema kwa sentensi moja mwishoni watajua nini ambacho mwanzoni hawakukijua, weka hela yako, daftari na peni vinatosha kwa sasa. Na ile sehemu ya kutolea kazi iwe ePub (faili la kitabu cha kusomea kwenye simu) au nini ina vitufe vya kukukimbiza, mimi natoa Word tu naendelea na maisha.

Wa Android poleni, toleo letu hakuna. Wa iPhone wanasinki, yaani kazi ya simu na ya kompyuta inalingana, kwa Dropbox, hifadhi ya mtandaoni. Google Drive watengenezaji wenyewe wanashauri usiitumie, maana kazi yako si faili moja, ni folda yenye vifaili kibao ndani. Mimi nikiwa kwenye daladala naandika vipande kwenye notipadi ya simu, jioni najitumia kwa imeili nabandika kwenye laptopu.