Victoria: upige kura juu ya mstari au chini?
Kila uchaguzi wa jimbo la Victoria kule Australia ubishi ni huohuo. Kura ya baraza la juu la bunge 2022 ilikuwa na njia mbili, maana karatasi imegawanywa na mstari: juu vyama, chini wagombea mmoja mmoja, nawe unaweka namba kuonyesha chaguo la kwanza na yanayofuata. Juu ya mstari ni fasta, unaandika 1 kwenye chama chako umemaliza, ila chaguo zinazofuata, yaani kura yako ihamie kwa nani, chama kishazipanga kwa dili zake na vyama vingine, na hapo ndo penye vituko, maana 2018 Rod Barton wa chama kidogo cha Transport Matters aliingia bungeni na kura za chaguo la kwanza hazifiki hata asilimia 1! Chini ya mstari unajaza mwenyewe namba angalau 5, inachosha, na ukirudia namba kwenye hizo 5 kura inaweza kuharibika, lakini dili za vyama hazikugusi. Unakiamini chama mpaka na marafiki zake? Juu panakutosha. Marafiki wanakutia wasiwasi, basi shuka chini.