Jinja ya zamani kwa miguu: uzoefu wangu na matembezi ya kulipia

Matembezi haya yanaongozwa na kijana mmoja anayewazungusha wageni katika mji wa zamani wa Jinja, Uganda, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Tulilipa shilingi 50,000 kila mmoja, mimi na mama. Mama ana miaka 73 na alikulia hapohapo Jinja, mtaa wa Walukuba. Babu alikuwa fundi chuma, alianzia reli akaishia kwenye ujenzi wa bwawa la umeme la Owen Falls, hapo mtoni Nile. Kazini alichanganyika na Wajaluo, Waluhya, Wasoga na Wagoa, na lugha iliyowaweka pamoja ilikuwa Kiswahili, ndiyo kikahamia nyumbani kwetu mpaka leo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwenye simu halikuwa bei. Nilimuuliza kijana kama anaweza kutueleza kwa Kiswahili. Akasema anaweza, na kweli aliweza, Kiswahili kisichobabaika cha mtu wa Busia, mpakani na Kenya. Kwa hilo nampa heshima yake. Katiba yetu imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini ukikizungumza mjini bado wapo wanaokuangalia kama umetoka kambi ya jeshi.

Tulitoka Kampala alfajiri kwa taksi, kilomita kama 80, tukanywa chai ya maziwa na chapati karibu na soko kuu, kisha tukaanza Barabara Kuu. Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi. Nimepita barabara hii mara nyingi na sikuwahi kuiona. Kijana alituvusha upande wa pili, akatuambia tusitazame bidhaa dukani, tuinue macho hadi chini ya paa. Huko juu kuta zinasema. Kuna majina ya familia za Kihindi yaliyochongwa kwenye plasta, na chini ya jina mwaka wa jengo. Kuna roshani ndogo za kukaa jioni, nguzo za duara, na mistari ya saruji iliyopinda ambayo fundi wa leo hawezi kukufanyia bila kukutoza mara tatu.

Chini, mbele ya maduka, kuna njia iliyoinuliwa na kuezekwa ambapo unatembea kutoka duka hadi duka bila kupigwa na jua wala mvua. Kijana aliiita veranda. Mama akamrekebisha taratibu, "Mwanangu, hilo ni baraza. Hapo ndipo fundi cherehani alipokaa." Akamwonyesha namna duka lilivyokuwa mbele, familia nyuma, na uani kulikuwa na jiko na ghala.

Kijana anajua vizuri kwa nini mji huu ulijengwa hivi, na alitueleza bila kukariri. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo meli zilivuka ziwa hadi Jinja. Mwaka 1912 ikafunguliwa reli fupi ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, kwa ajili ya pamba. Pamba ikaleta viwanda vya kuichambua, wachambuzi wakaleta wenye maduka. Reli ilipovuka Nile kwenda Kampala mwaka 1931, mji ulikuwa umeshasimama.

Jambo moja liliniuma. Kampuni zinazotangaza biashara zao zimepaka majengo mengine rangi kali kuanzia chini hadi juu, na rangi ikafunika maandishi. Jengo moja tulisoma mwaka wake kwa kufuata vivuli tu, kwa sababu jua la asubuhi lilikuwa linapiga pembeni. Pengine bango limepigiliwa misumari katikati ya jina. Haya ni majengo yenye uzito wake katika historia yetu, na yanafutwa na brashi ya siku moja.

Sasa nije kwenye kasoro. Tulipofika duka moja kubwa lenye milango ya chuma, kijana alisema, "Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Wahindi, wakaondoka," halafu akaanza kutembea. Mama hakutembea. Alikuwa na miaka ishirini wakati ule. Alisimama barazani akatusimulia zile siku 90: wateja wakinunua vitu kwa bei ya kutupa, wengine wakiona haya kununua kwa watu waliowajua tangu utotoni. Mwenye duka mama alikokuwa akishonewa sare za shule alimpa bibi yangu vifungo, kopo zima, akasema hatavihitaji anakokwenda. Baadaye maduka yaligawiwa watu wapya. Rafu zikauzwa zikaisha, na hakuna aliyejua zinajazwa kutoka wapi. Sabuni ikawa ya kutafutwa, sukari hivyohivyo, na Kakira yenye mashamba ya miwa iko hapo jirani.

"Wenye maduka wapya tuliwaita mafuta mingi," mama alisema. "Na sukari tukainunua kwa magendo."

Kijana alikuwa anayajua maneno hayo, Waganda wote tunayajua, ila hakuwahi kuyasikia kwa mtu aliyeyatumia njaa ikiwa mlangoni. Akatoa daftari akaandika. Hilo lilinifurahisha kuliko kama angejua kila kitu. Naye akatuongezea sehemu yake: jinsi majengo yalivyorudishwa kwa wenyewe miaka ya 1990, baadhi wakarudi kuyaishi, wengine wakayauza, mengine yamebaki na wapangaji.

Mitaa ya nyumba za maofisa Waingereza, kule karibu na mto na uwanja wa gofu, tuliipita haraka. Miti mikubwa, viwanja vipana, mabati mekundu, nyingi sasa ni hoteli. Mwisho wa matembezi ni bustani za chanzo cha Nile, ambapo pana sanamu ya Gandhi, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo mwaka 1948. Nguzo ya Speke, mvumbuzi Mwingereza aliyefika mwaka 1862, iko ng'ambo. Maporomoko aliyoyaona hayapo tena: bwawa lililofunguliwa 1954 liliyazamisha. Jina la Jinja lenyewe linatokana na mawe, na babu yetu alikuwa miongoni mwa waliojenga ukuta ulioyafunika. Mama aliyatazama maji muda mrefu.

Safari ya mashua haimo kwenye bei hiyo, ujipange mwenyewe. Chukua kofia na maji, na ukienda na mzee mwambie kijana mapema apunguze mwendo. Alipoombwa alipunguza.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya Walukuba. Mji wa kikoloni ulikuwa wa sehemu tatu: Wazungu mtoni, Wahindi katikati, Waafrika Walukuba, katika nyumba za safu walizojengewa wafanyakazi wa viwanda. Matembezi yanaonyesha mbili. Nilipouliza, kijana alisema wageni hawaiombi. Nakuomba wewe unayesoma, iombe.

Sisi tulikodi gari tukaenda wenyewe. Mama alihesabu milango kwa kidole, wa kwanza, wa pili, akasimama kwenye wa tano. Bibi mmoja alikuwa amekaa kizingitini akichambua dodo, yaani mchicha. Mama akamsalimia kwa Kisoga, akajibiwa kwa Kiswahili, "Karibu, dada, unamtafuta nani?" Mama akataja jina la babu. Bibi akaweka ungo chini na kuita ndani waletewe viti viwili.

Taksi ya kurudi Kampala tuliipanda giza likiingia.