Uzoefu wangu: kuhamisha vitegemezi vya mradi wa Python kutoka requirements.txt kwenda uv

Mradi ninaousimamia ni programu ya wavuti iliyoandikwa kwa Flask, kiunzi cha Python cha kujengea tovuti, na kwa miaka kadhaa orodha ya vitegemezi vyake, yaani vifurushi vya msimbo wa watu wengine unaovihitaji, ilikaa katika faili la requirements.txt lililozalishwa kwa amri ya pip freeze ya pip, kisakinishi cha kawaida cha Python. Sasa tumeuhamishia kwenye uv, kisimamizi cha vifurushi kilichoandikwa kwa lugha ya Rust, ambacho kampuni ya Astral ilikitoa Februari 2024 na kukiongezea uwezo wa kusimamia mradi mzima Agosti mwaka huohuo. Wengi hukisifu kwa kasi, na kasi hiyo ni ya kweli. Kwangu mimi, hata hivyo, faida kubwa zaidi ni kwamba kinatenganisha vifurushi tulivyoviomba wenyewe na vile vilivyofuatana navyo.

Pip freeze huorodhesha karibu kila kilichosakinishwa katika mazingira bila kubagua. Flask peke yake huja na Werkzeug, Jinja2, MarkupSafe, itsdangerous, click na blinker, na katika faili letu vyote vilipangwa kwa alfabeti kana kwamba vina hadhi moja, hata mgeni katika timu asiweze kujua ni kipi msimbo wetu unakihitaji moja kwa moja. Ndiyo maana simshauri mtu aanze na uv add -r requirements.txt. Amri hiyo itafanya kazi, lakini itaingiza mlolongo wote ndani ya pyproject.toml, faili la maelezo ya mradi, kama vitegemezi vya moja kwa moja, na mkanganyiko utabaki uleule.

Tulianza kwa kupitia mistari ya import, ambayo msimbo huitumia kuita vifurushi, na kuandika faili fupi la requirements.in lenye vifurushi tunavyovitumia wenyewe tu. Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu vipo vinavyohitajika bila kutajwa popote kwa import: gunicorn, programu inayoendesha tovuti, huitwa na seva, na kiendeshi cha hifadhidata hupakiwa na SQLAlchemy, kifurushi cha kuwasiliana na hifadhidata, kulingana na anwani ya muunganisho. Baada ya uv init, inayoanzisha mradi, tuliendesha uv add -r requirements.in -c requirements.txt. Herufi c hulifanya faili la zamani kuwa mipaka ya matoleo badala ya orodha ya maombi, hivyo matoleo yaliyokuwa yakifanya kazi kwenye seva yakabaki yaleyale. Hilo nalithamini sana, kwani kuhama na kupandisha matoleo ni kazi mbili tofauti, na zikifanywa siku moja ni vigumu kujua hitilafu imetoka wapi. Kupandisha kulifuata baadaye, kifurushi kimoja kimoja, kwa uv lock --upgrade-package.

Faili la uv.lock, ambamo uv hurekodi matoleo yote iliyoyachagua, linastahili kufunguliwa na kusomwa. Kila kifurushi kina toleo, chanzo na alama za sha256 za kuthibitisha kwamba mafaili yake hayajabadilishwa, na chini ya click utaona colorama ikiwa na sharti la sys_platform == 'win32', maana inahitajika kwenye Windows pekee. Orodha ya pip freeze iliyotengenezwa kwenye Linux haikuwa na colorama kabisa. Faili la uv linazihudumia kompyuta za aina zote mbili.

Anayehama ajue mambo mawili. Uv sync, amri ya kulinganisha mazingira na uv.lock, huondoa kifurushi chochote kisichomo katika uv.lock, kwa hiyo kilichosakinishwa kwa mkono kitatoweka. Vilevile, ukiwa na hazina ya ndani ya vifurushi pamoja na PyPI, hazina ya umma ya Python, uv husimama kwenye hazina ya kwanza yenye jina linalotafutwa, tofauti na pip. Ni kinga nzuri dhidi ya vifurushi bandia, ila mpangilio wa hazina lazima uandikwe kwa makini.

Kwenye seva tunatumia uv sync --locked --no-dev, ambayo huacha vifurushi vya uundaji na hukataa kuendelea iwapo uv.lock hailingani na pyproject.toml. Kwa mwenyeji wa tovuti anayepokea requirements.txt pekee, uv export hulizalisha faili hilo kutoka uv.lock, na hakuna anayelihariri tena kwa mkono.