TAHADHARI: Ukiambiwa "kasri limefungwa leo" ukiwa Bangkok, usipande hiyo bajaji

Wapendwa, hii ni kwa ninyi mnaokwenda Bangkok kufuata mzigo, mkabakiwa na siku moja na kuamua kwenda kuliona Kasri Kuu la wafalme. Tumepigwa pale, mimi na dada yangu, kweupe na kwa heshima zote. Nimekaa nalo kifuani muda mrefu kwa aibu. Mwisho dada mwenyewe kasema, "Andika, mdogo wangu, ila jina langu usilitaje." Sitaji.

Tulikuwa tumemaliza kufunga mabegi ya nguo Pratunam, lile soko la nguo za jumla, ndege ni kesho yake usiku. Dada anakwenda mji ule kila mwaka na hajawahi kuona zaidi ya maduka na mizani ya kago. Tukapanda treni ya chini ya ardhi, tukashuka kituo cha Sanam Chai, tukashika njia kwa miguu. Ilikuwa kama saa nne asubuhi na ule ukuta mrefu mweupe tunauona kabisa mbele yetu.

Hapo akatokea mzee mmoja. Nimweleze vizuri, maana kama unamsubiri tapeli mwenye sura ya utapeli, huyu atakupita. Shati jeupe limenyooshwa pasi mpaka mikono ina mstari, kitambulisho kinaning'inia shingoni, ramani ya mji mkononi. Akatusalimu kwa viganja vilivyokutana kifuani. Hakuomba chochote. Akauliza tunatoka wapi, tukasema Tanzania, akasema "Kilimanjaro!" Mtu akikutajia Kilimanjaro ugenini unalainika, wala usibishe.

Kisha akatikisa kichwa kwa huruma. Leo ni siku ya ibada, akasema, asubuhi wanaingia wenyeji tu, wageni mpaka saa saba na nusu. Akaitazama sketi ya dada, iliyopita goti vizuri tu, akaongeza kwamba hata hivyo pale mavazi yanakaguliwa sana. Hilo la mavazi ni kweli, ndiyo maana linanasa. Kaptura, sketi fupi, suruali zilizochanika na mabega wazi hawaruhusu. Tapeli anachukua kweli moja anaipakia uongo wawili mgongoni.

Akakunjua ramani, akachora duara tatu kwa kalamu ya bluu. Hekalu dogo ambalo "watalii hawalijui", halafu maonyesho ya vito ya serikali ambayo leo ndiyo siku ya mwisho bila kodi, halafu kurudi kasri likishafunguliwa. Akapunga mkono, bajaji ikasogea papo hapo. Mzunguko wote 20 baht, pesa ya kule, na dereva atatusubiri kila kituo.

Dada yangu ni mbishi wa bei mpaka wauzaji wa Pratunam wanamwita kwa jina. Lakini bei ilipokuwa ya bure hakubisha. Nauli ile isingetosha hata mafuta, na sisi wote wawili ni wafanyabiashara, tulipaswa kujiuliza hasara ya huyu dereva analipa nani. Analipa mwenye duka la hivyo vito. Dereva akikufikisha anapewa vocha ya mafuta, na ukinunua anapata kamisheni yake. Mzigo ni wewe.

Pale hekaluni palikuwa kimya, paka wawili na ubani. Ndani amekaa kijana nadhifu, Kiingereza safi, anasema anamsubiri mke wake. Wala hakutuanza yeye, dada ndiye aliyemsalimia. Maneno mawili matatu, akatuambia ana bahati leo yumo mjini, maana kila mwaka hununua safaya, vile vito vya bluu, kwenye maonyesho haya na kwenda kuuza Ulaya mara mbili ya bei. Hamjui mzee wa kwanza wala dereva, yeye kakaa tu na mambo yake.

Nataka mlielewe hili kuliko yote niliyoandika. Neno la mtu mmoja barabarani hata mimi nisingelibeba. Lakini mzee kasema, dereva kasema, sasa na huyu ambaye hatukumuuliza. Watu watatu wasiojuana wakikupa habari moja, moyo unasema hii ni kweli. Kumbe ni timu, kila mmoja na namba yake uwanjani, na yule wa hekaluni ndiye mfungaji.

Duka lenyewe ni la baridi, maji ya chupa yanakuja kabla hujakaa. Msichana akatandika kitambaa cheusi, na kitu cha kwanza kutuletea, mtanisamehe, ni tanzanaiti! Sisi tunaotoka nchi pekee duniani jiwe hilo linakochimbwa, pale Mererani. Tulicheka mpaka na yeye akacheka. Na hapo ndipo tulipokwisha, kwa sababu baada ya kuikataa tanzanaiti tulijiona wajanja. Zilipokuja safaya dada alikuwa ameshajiamini kwamba mawe anayajua.

Alinunua sita, 16,500 baht, zaidi ya shilingi milioni moja za kwetu, kutoka kwenye pesa ya kago. Wakampa cheti chenye mihuri miwili ya dhahabu. Mawe wakayatia kwenye plastiki na kuibana kwa moto, na onyo kwamba asifungue mpaka afike nyumbani, la sivyo forodha watamtoza. Mimi nilikuwepo, nilitia shaka kidogo, nikanyamaza. Hilo nalo niliseme.

Kutoka hapo dereva akataka tupite kwa fundi wa suti. Tulipokataa, tabasamu likamwisha, akatushusha mahali tusipopajua akaondoka. Hata ile 20 baht hakuidai. Tukatembea, tukapotea, tukafika langoni saa kumi kasoro. Tiketi wanaacha kuuza saa tisa na nusu.

Nikamuuliza askari, je, ile ibada ya asubuhi ilikwisha saa ngapi? Akanitazama kama mtoto aliyepotelewa na mama. Ibada gani? Kasri lilikuwa wazi tangu saa mbili na nusu asubuhi. Akauliza, "Mmenunua vito?" Dada akasema hapana, haraka sana. Askari akanyoosha kidole kwenye kibao, Kiingereza kikubwa cha kusomeka, kinachoonya wageni wasiwasikilize watu wasiowajua wanaosema kasri limefungwa.

Kesho yake asubuhi tukarudi, na nafurahi tulirudi, maana mahali pale hapana kosa lolote katika hadithi hii. Tiketi ya mgeni tulilipa 500 baht kila mmoja. Kasri lilianza kujengwa mwaka 1782, Mfalme Rama wa Kwanza alipouvusha mji mkuu kuja upande huu wa mto, na wafalme waliishi humo mpaka 1925. Kuna jengo moja, Chakri Maha Prasat, kiwiliwili cha Ulaya na kofia ya Siam, jina la zamani la Thailand: kuta na nguzo utadhani uko Italia, juu paa za Kithai zenye ncha. Dada alisimama mbele yake muda mrefu akisema mshonaji wake hushona hivyohivyo.

Ndani ya hekalu la kasri amekaa Buddha wa Zumaridi, mdogo kuliko unavyotazamia, sentimita 66 hivi, juu kabisa kwenye kiti chake cha dhahabu. Mfalme humbadilisha mavazi mara tatu kwa mwaka, kiangazi, masika na majira ya baridi. Kupiga picha humo ni marufuku. Nikamnong'oneza dada nilichokisoma, kwamba sanamu ile haikuchongwa kwa zumaridi. Ni jiwe la kijani la aina nyingine, jina limetokana na rangi.

Akakaa kimya. Halafu akanigusa kwa kiwiko. "Sasa mdogo wangu, kama huyu wa kwenye kasri la mfalme si zumaridi, haya ya kwangu ni nini?"

Sonara ndiye aliyemjibu tuliporudi. Aliweka lenzi jichoni, akageuza jiwe kwenye mwanga, akaniita nami nitazame. Ndani ya ule ubluu kulikuwa na mistari myembamba iliyopinda kama ya sahani ya santuri. Safaya iliyokua ardhini mistari yake imenyooka na kukata kona, hii ya kupinda ni ya jiwe lililoyeyushwa kiwandani. Mengine manne yakawa hivyohivyo. La sita lilikuwa safaya ya kweli, hafifu, ya maziwamaziwa, yenye thamani ya chakula cha mchana.

Sasa sikilizeni. Kasri hufunguliwa kila siku, asubuhi saa mbili na nusu mpaka hiyo saa tisa na nusu. Halifungi kwa chakula cha mchana. Hufungwa kukiwa na shughuli za kifalme, kama Oktoba 2017 wakati wa mazishi ya Mfalme Bhumibol, na siku hizo hutangazwa mapema, hutaambiwa na mzee wa njiani. Lango la wageni liko barabara ya Na Phra Lan, upande wa uwanja wa Sanam Luang. Anayesimama kabla ya lango hilo, awe na kitambulisho au sare, mwambie asante na endelea kutembea. Hata kama limefungwa kweli, nenda ukaone kwa macho yako lango limefungwa. Wale wanaokutia mahindi ya njiwa mkononi hapo uwanjani nao ni hivyohivyo, ukishayarusha unadaiwa, lakini hiyo ni hasara ndogo.

Duka la vito la serikali kwa ajili ya watalii halipo. Wiki ya bila kodi haipo. Bangkok ni soko kubwa la kweli la mawe, wapo wanaokwenda kununua na kupata faida, lakini hao wanajua kushika lenzi na hawafiki dukani kwa bajaji ya 20 baht. Na ukiona plastiki imebanwa kwa moto usifungue, ujue wanakuzuia usipime ukiwa bado mjini mwao.

Kama yameshakukuta na hujapanda ndege, piga 1155, polisi wa watalii, Kiingereza wanasikia, uende nao dukani na risiti. Ulilipa kwa kadi, ipigie benki siku hiyohiyo. Sisi hatukufanya yote haya. Baada ya yule askari kutuuliza tulikuwa na siku nzima mkononi, na dada hakutaka kusikia neno vito.

Mwezi ujao anarudi kuchukua mzigo mwingine. Ameniambia atashuka tena Sanam Chai saa nne asubuhi amtafute yule mzee. Nikamwambia dada, fujo ya nini nchi ya watu? Akasema hana fujo, anataka tu kumuuliza leo ni sikukuu gani.