Angel Martin wa The Rockford Files: kikulacho ki nguoni mwa Rockford

Ukiitazama tamthilia ya runinga The Rockford Files kwa ajili ya fumbo tu, nani kaua na pesa ziko wapi, utaona sehemu nyingi ni za kawaida. Kituo cha NBC cha Marekani kiliionyesha kuanzia Septemba 1974 hadi Januari 1980, misimu sita, na kinachowarudisha watu kwake hadi leo ni wahusika. Aliyeandikwa vizuri kuliko wote, ukimwondoa Rockford mwenyewe, ni yule anayemtia hasara kila akibisha hodi: Evelyn Martin, maarufu kama Angel. Malaika, eti.

Kwa asiyeijua: Jim Rockford, anayechezwa na James Garner, alikaa miaka mitano katika gereza la San Quentin kwa kosa ambalo hakulitenda, akapewa msamaha, na sasa ni mpelelezi wa kujitegemea Los Angeles. Anaishi kwenye nyumba ya tela ufukweni Malibu, anatoza dola 200 kwa siku na gharama zake juu, na mara nyingi halipwi. Bastola yake hulala kwenye kopo la biskuti. Angel, anayechezwa na Stuart Margolin, alifungwa pamoja na Rockford. Rockford alitoka akitaka aachwe akavue samaki na baba yake. Angel alitoka akiwa yuleyule aliyeingia.

Mtazamaji mpya akisikia "tapeli wa kuchekesha" humtarajia Abunuwasi, na hapo ndipo anapokosea. Abunuwasi hushinda. Angel hushindwa karibu kila mara, na ukimtazama kwa makini utaona anaposhindwa ni palepale. Utapeli mkubwa unataka subira: unamtafuta mtu mwenye tamaa, unamwacha akufuate mwenyewe, unamwonjesha faida ndogo, ndipo anatoa akiba yote, na mwisho unaupanga ili aone aibu kwenda polisi. Angel anaijua njia hii kutoka mwanzo hadi mwisho. Kinachomshinda ni tumbo lake. Pesa ikionekana tu mezani, haoni tena kesho. Ataichukua ndogo ya leo na kuiharibu kubwa ya wiki ijayo, kisha atakimbilia kwenye tela la Rockford kujificha, na wenye pesa zao nyuma yake.

Tapeli hodari katika tamthilia hii ni Rockford. Ndani ya gari lake, Pontiac Firebird ya rangi ya dhahabu, ana kimashine kidogo cha kuchapia kadi za kazi. Anapanga herufi, anachapa kadi moja, na dakika hiyohiyo ni wakala wa bima au mkaguzi wa idara fulani. Karani anaitazama kadi, anamtazama mtu mwenye uso wa kuchoshwa na kazi, anatoa faili. Hakuna mbwembwe, na ndiyo maana inafanya kazi. Dili likiwa kubwa anavaa sura ya Jimmy Joe Meeker, tajiri mropokaji wa mafuta mwenye lafudhi ya kusini. Katika "The Farnsworth Stratagem" ya msimu wa pili, rafiki yake Dennis Becker wa polisi ameuziwa mbuzi kwenye gunia katika biashara ya hoteli, na Rockford anawarudishia matapeli dawa yao kwa hadithi ya mafuta ya petroli. Tazama sehemu hiyo kwanza, kisha uende kwa Angel. Utaelewa haraka kwamba Rockford anadanganya ili apate jambo fulani, halafu anaacha. Angel hajui kuacha.

Mwanzoni waandishi hawakuwa wameliona hilo vizuri. Katika msimu wa kwanza Angel ana kazi ya karatasi katika gazeti la shemeji yake, na kazi yake katika hadithi ni kumletea Rockford habari za zamani kutoka kwenye makabati. Ni msaidizi, basi, mwenye kunung'unika kidogo. Msimu wa pili mambo yanageuka. Wanagundua kwamba Angel anafaa zaidi akiwa chanzo cha tatizo, na "Chicken Little Is a Little Chicken" ndiyo sehemu ya kuanzia kwa anayetaka kumjua. Njia mbili zilimshinda fisi, na hapa fisi wetu yuko katikati ya wakubwa wawili wa uhalifu, huku aliyesimama mbele yake kupokea vipigo ni Rockford. Hati yake imekaza. Kila uongo wa Angel unazaa mwingine mbele ya macho yako, na huhitaji kuchora ramani kufuatilia.

Sasa Margolin mwenyewe. Zima sauti dakika mbili, Angel akiwa kwenye tela, uone. Mwili wake haukubaliani na mdomo. Macho yanapima mlango na dirisha wakati anaapa kwamba safari hii ni kweli tupu. Mabega yanashuka akiwa anaomba. Mtu wa tatu akiingia, yanapanda, na ghafla ni mfanyabiashara. Rudisha sauti usikie anavyolivuta jina "Jimmy" kama mtoto aliyevunja chungu. Rockford akimkunja shati, Angel hulegea mzimamzima badala ya kupambana, maana miaka ya gereza imemfundisha kwamba mtu mlegevu hupigwa mara chache. Margolin hamwombei Angel huruma hata mara moja. Hakuna sehemu anayolia ili tumsamehe, na akilia ujue kuna mfuko anaupapasa. Uigizaji huo ulimpa tuzo mbili za Emmy, tuzo kubwa za runinga Marekani, mfululizo, 1979 na 1980, kama mwigizaji bora msaidizi wa tamthilia. Alikuwa pia ameigiza na Garner katika tamthilia ya Nichols mwaka 1971, ndiyo maana wawili hawa hukatizana maneno kama watu waliogombana miaka mingi. Baadhi ya sehemu aliziongoza mwenyewe.

Katika msimu wa tano tafuta "Drought at Indianhead River". Angel anaonekana tajiri, bwana mkubwa wa ardhi na majengo, na anaamini kwamba hatimaye dunia imemtambua. Ukweli ni kwamba wahalifu wamemweka kuwa kivuli chao, mtu wa kubeba jina tu, na kivuli kikishamaliza kazi huondolewa. Raha yake ni kwamba tapeli ndiye anayetapeliwa, na kwa mbinu zilezile anazozijua: ameonjeshwa faida, amesifiwa, amefuata mwenyewe. Rockford akimweleza, Angel anakataa kusikia. Ni sehemu ya kuchekesha inayoacha uchungu mdomoni.

Kasoro zipo. Wakili wa Rockford, Beth Davenport, anayechezwa na Gretchen Corbett, aliondoka baada ya msimu wa nne, na nafasi aliyoiacha Angel anaijaza kwa kelele. Kuna sehemu za mwishoni ambapo fumbo lote linategemea Rockford kumwamini tena mtu aliyemuuza sehemu chache tu nyuma. Mara ya kwanza unacheka, mara ya nne unaanza kuona mkono wa mwandishi. Dawa ni kutozitazama sehemu za Angel kwa mfululizo. Hakuwapo kila wiki, na kwa kipimo hicho alitengenezwa. Weka tatu au nne zisizo na yeye katikati, ili akibisha hodi uwe umeanza kumsahau, kama Rockford.

Kuhusu nakala, angalia urefu kwanza. Sehemu ya kawaida ina takribani dakika 50 bila matangazo. Ukikuta dakika 45 au pungufu, imekatwa ili kuongeza matangazo, na vinavyokatwa kwa kawaida ni vile visivyosogeza fumbo: Angel akiomba mkopo, Angel akila chakula cha mwenyeji wake. Yaani unachokitafuta. Sehemu ndefu za jioni maalumu nazo huuzwa au kuonyeshwa zikiwa zimegawanywa mbili, hivyo usishangae hadithi ikikatika ghafla. Picha ni ya 4:3, umbo la karibu mraba la runinga za zamani. Ikijaza skrini pana yote, ama imevutwa watu wakawa wanene, ama imekatwa juu na chini, na mikono ya Margolin, nusu ya uigizaji wake, ikaenda na ukingo.

Tena usibonyeze kitufe cha kuruka utangulizi. Kila sehemu inafunguka kwa mashine ya kupokea simu ya Rockford, na ujumbe hubadilika kila mara: mdai, fundi, mtu aliyekosea namba. Mara nyingine ni Angel, kwa mfano pale anapopiga kumwambia Jimmy aupuuze ule ujumbe wa kwanza, mambo ni shwari, hakuna shida yoyote. Ule wa kwanza hatuusikii. Sekunde chache, na umeshamjua mtu mzima. Baada yake muziki wa Mike Post na Pete Carpenter unaanza.

Filamu nane za runinga zilizoonyeshwa na kituo cha CBS kati ya 1994 na 1999 ni za aliyekwisha kuimaliza misimu sita na bado ana hamu. Mwendo wake ni wa polepole, Garner amezeeka na magoti yanaonekana. Angel anapotokea humo amezeeka naye, nywele na uso, ila macho bado yanapima mlango.