Mwenye kuuza mahamri asionje?

Nianze na yule kijana wa duka la dawa, maana ndiye aliyenifanya nishike simu niandike. Mashine yenyewe, hii ya kupimia sukari ya damu, nitaifikia.

Kama wewe ni mtu wa Langoni, hapa Lamu, huenda umeshakula mahamri yangu. Naamka saa kumi alfajiri, nakata, nachoma, na jua likitoka watu wameshapanga foleni na vibakuli vyao vya mbaazi. Basi kabla ya Ramadhani iliyopita kiu ikaanza. Nakunywa maji, dakika mbili nataka mengine. Usiku naenda chooni mara nne, mara tano. Nikapimwa, nikaambiwa ni sukari, aina ya pili, hii inayotushika ukubwani. Nikaandikiwa metfomini na nikaambiwa nitafute mashine nijipime nyumbani, niwe naandika kwenye daftari: asubuhi kabla ya kutia kitu mdomoni isomeke kati ya 4 na 7, saa mbili baada ya kula isizidi 10.

Mashine nilinunua duka la dawa ambalo sitalitaja, wanaolijua watalijua. Kijana akaniuzia huku jicho moja liko kwenye simu yake. Mafunzo yote yalikuwa haya: "Unapangusa kidole na spiriti, unadunga, unagusisha damu kwenye kijiti, basi." Ilikuwa rahisi, tena nikajiona mjanja kwa bei niliyoipata. Sikujua kwamba mashine ni chambo tu, vijiti ndiyo ndoana. Kichupa kimoja cha vijiti hamsini nikikupigia hesabu kwa mahamri utalia.

Asubuhi ya kwanza 14.2. Ya pili 16.8. Ya tatu 13.9. Nikasema labda dawa haijaingia mwilini. Lakini wiki zikapita, na mimi chai ya sukari nimeiacha, haluwa nimeipita kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu (wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo), wali nimepunguza hadi wajukuu wananiuliza bibi unaumwa? Jioni natembea ukutani mwa bahari kwenda na kurudi. Na cha ajabu, usiku nikijipima nakuta 7, nakuta 8. Alfajiri, tumbo tupu, 15. Nani kanilisha usingizini?

Nikaichukua mashine nikairudisha dukani. Mbovu hii, nibadilishie. Kulikuwa na watu: mabibi wawili wa mtaa wa pili, na mzee mmoja aliyemfunga punda wake mlangoni akaja kutafuta dawa ya kikohozi. Kijana hata mashine hakuigusa. Akanitazama, akatazama kanga yangu yenye unga, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje: "Mama, mashine haina mdomo. Mwenye kuuza mahamri asionje?"

Walicheka wote. Hata mwenye kikohozi.

Sisi mji wetu mnaujua. Neno likitoka Langoni asubuhi, alasiri limeshafika Shela kabla ya mashua. Kwa siku kadhaa kila aliyekuja kununua aliniangalia mdomo. Mimi mwenyewe nikaanza kujishuku. Je, naonja bila kujua? Nikafikia kufunga leso puani na mdomoni wakati wa kukanda, kama mtu anayekwenda kurina asali. Asubuhi yake: 15.4. Nikaitupa ile mashine kitandani nikalia, sitaficha.

Siku ya kliniki nikaenda na daftari langu la aibu, nimetoka moja kwa moja kazini. Walipoona zile namba wakasema labda dawa iongezwe, maana kuna watu ini lao humwaga sukari kwenye damu kuelekea alfajiri. Lakini walikuwa wamenitoa damu ya mshipani kwa kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu, na majibu yakawa asilimia 7.0. Muuguzi, binti mdogo wa kuweza kuwa mwanangu, akaliweka daftari huku na karatasi ya majibu huku. "Mama, hawa wawili hawapatani. Unajipima saa ngapi?"

Nikamwambia, nikishamaliza kukata mahamri, kabla ya kuyatia kwenye karai.

Akaushika mkono wangu wa kulia, akauinua, akainusa ncha ya kidole. "Iliki," akasema.

Nikamwambia ndiyo, na tui, na hamira. "Na sukari kiasi gani?" Karibu nusu kilo kwa kilo mbili za unga. Akafumba macho kidogo. Kisha akanieleza. Tone la damu inalopima mashine ni dogo mno, na sukari kidogo tu iliyoganda kwenye ngozi ikichanganyika nalo, mashine inaisoma yote kama yako. Na spiriti, ile niliyofundishwa, haitoshi kuiondoa. Dawa yake ni maji na sabuni, suuza, kausha vizuri kwa kitambaa safi, ndipo udunge, tena ubavuni mwa ncha ya kidole, si pale katikati panapouma. Akaniambia kesho nipime mara mbili, kabla ya kunawa na baada, niamue mwenyewe.

Nilichoma vijiti viwili roho ikiniuma. Baada ya kukata mahamri, na spiriti yangu: 15.6. Nikanawa hadi kwenye kiwiko kama natia udhu, nikakausha, nikadunga kidole cha jirani: 7.2.

Mdomo wangu ulikuwa mkweli. Vidole ndivyo vilivyonisengenya.

Kwa hiyo, mashine. Nilikuwa nimeshapanga kuipa nyota moja, na hiyo moja kwa ajili ya kijaruba chake kizuri. Sasa ni lazima niseme haki: haikukosea hata siku moja. Ilipima ilichopewa. Inasoma kwa sekunde chache, namba zake kubwa naziona bila miwani, inakumbuka vipimo vya nyuma. Nyota nne. Nilikuwa nimeshafika hapo, nimetulia, nikamwita mjukuu anisomee kile kijitabu cha ndani ya boksi, Kiingereza kitupu, herufi kama chungu. Jambo la kwanza kabisa lililoandikwa: nawa mikono kwa sabuni na maji, kausha. Lilikuwa humo siku zote! Na yule kijana Kiingereza anakijua, nimemsikia akijitapa nacho kwa wageni. Sentensi moja tu, angenifungulia ukurasa mmoja. Ningekuwa sijaongezewa dawa nusu nzima ya mwaka kwa ajili ya unga wa mahamri. Haya, sikuongezewa, lakini nusura.

Mjukuu akaendelea kusoma. Vijiti visiwekwe penye joto la kupita digrii 30, kifuniko kisiachwe wazi, unyevu unaviharibu. Nikakumbuka kabati lao la kioo pale mlangoni, jua la saa tisa linavyolipiga. Sasa hata ile 7.2 naitazama kwa jicho la pembeni. Kichupa changu nimekihamishia kwenye mtungi wa udongo usio na maji, ndani, mbali na jiko.

Nyota tatu basi. Mbili. Sijui. Muuguzi tano, angekuwa anauzwa ningemnunua.

Asubuhi ya leo ilikuwa 6.8. Vijiti vimebaki saba. Nimezunguka mji mzima, vya mashine nyingine havikubali kuingia kwenye yangu, na wenye vya kwangu ni duka lile lile peke yake. Kesho nitamtuma mjukuu. Nimemwambia avichukue vya nyuma kabisa, kule kusikofika jua, na akiulizwa ni vya nani aseme ni vya mtu wa kijiji cha Matondoni.